Mistari Ishirini na Miwili ya Ziada

Kabla sijampenda nilimchukia, na nilimchukia kwa sababu moja: alikuwa anahesabu. Kituo chetu cha damu kipo nyuma ya hospitali, vyumba sita na ukumbi wa kungojea. Katika chumba cha mwisho, kile chenye dirisha linalotazama matangi ya maji, alikaa binti mwembamba ambaye nadhani hata mhasibu alikuwa amelisahau jina lake. Wote tulimwita Bi Mistari. Mimi waliniita Shangazi, maana nilikuwa mkubwa kuliko wote isipokuwa mlinzi, na nilikuwa nimepiga chapa miaka ishirini na minane katika ofisi za wakubwa kabla mashine za chapa hazijatupwa stoo. Kazi yangu niliijua. Hilo mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kazi yake yeye ilikuwa hii. Taarifa za wachangiaji wote wa damu zimo katika kanzidata, ndani ya mashine kuu. Kila siku saa moja asubuhi Bi Mistari anaiuliza swali lile lile: nipe kila mchangiaji anayeweza kuitwa leo, namba yake, jina, anwani, simu na kundi la damu. Majibu anayatoa kwenye faili la maandishi matupu, mtu mmoja mstari mmoja, na kati ya jina na anwani, kati ya anwani na simu, kunasimama kijiti cha wima. Hakuna rangi, hakuna jedwali, hakuna urembo wowote. Faili hilo analibeba kwa flashi hadi chumba cha simu, kwa kuwa mashine za huko haziruhusiwi kugusa kanzidata. Programu ya wapigaji simu inalimeza, na hospitali ikitaka damu ya kundi fulani, inatema majina.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye kwanza aliiuliza kanzidata ina watu wangapi, akaandika jibu kwenye daftari. Kisha akahesabu mistari ya faili. Idadi hizo mbili zikilingana, ndipo aliongeza mstari mmoja chini kabisa, MWISHO, na idadi yake. Wapigaji simu walimcheka. Mmoja wao, mwenye sauti nzuri kiasi kwamba hata wanaokataa kutoa damu humshukuru kwa kuwapigia, alikuwa akimwuliza kama na nywele zake huzihesabu kabla ya kulala. Siku moja mama mkwe wa Bi Mistari alipitia kituoni akitoka kupimwa presha, akatuambia ukumbini kwamba nyumbani vidonge vyake vinahesabiwa asubuhi na jioni. "Mwanangu mwashi kaoa mizani," alisema, "lakini mimi sijawahi kukosa dawa."

Sababu yake Bi Mistari aliniambia tukila chakula cha mchana, kabla hatujakosana, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutoa orodha za watoto wa kuchanjwa. Programu aliyotumia ilikuwa na kikomo: ikifika mstari wa elfu moja inaacha, wala haisemi kitu. Orodha ilipangwa kwa majina ya vijiji, na gari la chanjo halikufika kijiji cha mwisho, kwa sababu kwenye karatasi hakikuwapo.

"Watoto wawili," alisema, akafunika bakuli lake.

Nilimwonea huruma, lakini huruma hiyo haikunizuia kumfanyia niliyomfanyia.

Mtu wetu wa mapokezi alipokwenda kumuuguza baba yake, mkuu wa kituo aliniomba nishike kaunta kwa wiki nne. Juma lile lile redio ikatangaza kwamba damu ya kundi O hasi imekaribia kwisha, na watu wakaja kupimwa na kuandikishwa. Wengi walitoka mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako nyumba hazina namba na njia hazina majina. Ukimwuliza mtu wa huko anakaa wapi, hakupi anwani, anakupa safari: pita kiwanda, kisha kisima, halafu mlango wa rangi fulani. Nami niliiandika safari hiyo kwa heshima zote, kama nilivyofundishwa kuandika juu ya bahasha: sehemu ya kwanza, nikabonyeza Enta, sehemu ya pili, Enta, ya tatu. Kwenye skrini ilipendeza, imepangika kama ngazi. Nilikuwa natabasamu peke yangu.

Kumbe kanzidata ilikuwa inazitunza zile Enta zangu pamoja na maneno, na faili la maandishi halina habari na bahasha. Lenyewe linajua kwamba mstari ukikatika, mtu mmoja kaisha na mwingine kaanza. Mchangiaji wangu mmoja alikuwa anatoka humo vipande vitatu: jina lake na kiwanda katika mstari wa kwanza, kisima katika wa pili, rangi ya mlango, simu na kundi la damu katika wa tatu. Na programu ya wapigaji simu, ikikuta mstari pungufu, inauruka kimya kimya. Mtu alikuwamo kwenye kanzidata, alikuwamo kwenye faili, ila chumba cha simu hakikujua kama amezaliwa.

Bi Mistari aliiona siku ile ile ya kwanza: mistari miwili ya ziada. Siku ya tatu ikawa minane. Akaja kaunta.

"Shangazi, naomba anwani uziandike mstari mmoja tu. Ukipata nafasi uje nikuonyeshe zinavyovunjika."

Wachangiaji wanne walikuwa kwenye foleni, masikio wazi. Nikapandwa na hasira. Nilimjibu kwamba nilikuwa naandika anwani za mawaziri yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake, na kwamba kama faili lake halijui kusoma, alipeleke shule. Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakununa, akarudi chumbani kwake. Baada ya siku mbili akaja tena, safari hii wakati wa kufunga, hakuna mtu, akasema yale yale kwa upole kuliko mwanzo. Sikumtazama. Nilipanga mihuri yangu hadi alipoondoka.

Kisha nikaenda kumshitaki kwa mkuu kwamba hana adabu. Mkuu wetu si mtu mbaya, ila hupenda mambo yaliyokwisha. Alipomwita Bi Mistari na kusikia kwamba faili lina mistari mingi kuliko watu, akacheka. Ziada si pungufu, alisema, mtu hulilia kilichopotea. Bi Mistari akamweleza kwamba waliopotea ndio hao hao waliozidi, kwamba hakuna anayewaita. Akaomba abadilishe swali lake, ili kila Enta igeuzwe kuwa nafasi kabla majibu hayajatoka. Lakini maswali yetu yote hupitishwa makao makuu na hayaguswi bila saini ya mkuu, wala majina ndani ya faili hayarekebishwi kwa mkono, kwa hiyo alijaza fomu. Mkuu akasema ataisaini Jumatatu. Mimi nilitoka mle ofisini nimevimba kichwa, nikijiona nimeshinda kesi.

Jumatatu hiyo ikafika. Saa moja na robo, dakika chache baada ya faili kutoka, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Mashine kuu ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Jenereta ikawashwa, friji za damu zikaendelea kunguruma, taa zikawaka, ila kanzidata haikuamka. Fundi wake alikuwa mwendo wa saa sita kutoka kwetu. Kilichobaki cha wachangiaji wetu wote kilikuwa faili la maandishi la asubuhi ile.

Saa tatu kasorobo hospitali ikapiga simu. Mwanamke aliyejifungua alfajiri alikuwa anavuja damu, na damu yake ilikuwa O hasi. Chupa pekee tuliyokuwa nayo ikaenda mbio. Daktari alitaka nyingine kabla ya kumrudisha chumba cha upasuaji saa saba, akasema wazi kwamba bila hiyo hatamgusa, na asipoguswa hafiki jioni. Kutoa damu na kuipima kunakula karibu saa mbili. Kwa hiyo mchangiaji alitakiwa awe ameketi kitini saa tano, asizidi.

Mume wake alikuwa seremala. Yeye walishampima, kundi lake lilikuwa jingine. Walimpa karatasi ya maombi ailete kwetu, akaileta, akakaa kwenye benchi mbele ya kaunta yangu akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kila mlango ulipofunguka alisimama, na ulipofungwa akakaa.

Yule mpiga simu mwenye sauti nzuri akaiuliza programu yake O hasi wote. Ikatema majina matatu. Wa kwanza alikuwa safarini, mwendo wa siku mbili. Wa pili alikuwa kitandani na homa. Simu ya wa tatu ilipokelewa na mkewe, akasema walimzika mwezi uliopita na akaomba wafute jina lake. Mpiga simu akatoka chumbani mwake, akasimama ukumbini mikono imening'inia. Sauti yake haikuwa nzuri tena.

"Wameisha," alisema. "Hakuna mwingine."

Seremala akasimama. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeambiwa kwamba kati yetu kuna anayejua. Na kweli nilikuwa najua. Nikaanza kupanga mihuri yangu. Niliwaza, Mungu anisamehe, kwamba mashine imeungua na hakuna atakayeona nilichoandika.

Bi Mistari alikuwa mlangoni kwake na kompyuta ya mpakato mkononi.

"Wapo kumi na mmoja ambao programu yenu haijawahi kuwaona," alisema.

Aliiweka juu ya kaunta yangu, palepale, akafungua faili. Kanzidata asubuhi ilimwambia watu elfu nne mia tatu na sita. Faili lilikuwa na mistari elfu nne mia tatu ishirini na minane. Mistari ishirini na miwili ya ziada, yote yangu. Aliteremka hadi chini, waliko wachangiaji wapya, akaanza kutafuta mistari isiyoanza na namba. Nilisimama begani kwake na kwa mara ya kwanza nikaiona kazi yangu upande wa pili. Zile ngazi zangu nzuri zilikuwa zimelala chini vipande vipande. Jina, kisha hewa. "Nyumba ya tatu baada ya kisima," peke yake, bila mwenyewe. Niliona aibu kiasi kwamba masikio yaliniwaka.

Mtu wa kwanza alikuwa kundi A. Wa pili B. Wa tatu A tena. Alikuwa anavisoma vipande kwa kidole, akiviunganisha kwa sauti ndogo, naye seremala alikuwa amesogea hadi kifua chake kinagusa kaunta. Wa sita O chanya. Wa nane mstari wake wa mwisho ulikuwa hivi: mlango wa kijani, kijiti, namba ya simu, kijiti, O hasi.

Mpiga simu akapiga hapohapo. Haipatikani. Akapiga tena, akapiga mara ya tatu. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Shangazi," Bi Mistari akaniambia, "huyu umemwandika wewe. Unamkumbuka?"

Nilimkumbuka. Mshona viatu, kidole gumba cheusi kwa rangi ya kiatu, aliyeomba radhi kwa sababu ya kuchafua kalamu yangu. Nikasema nakwenda na Bi Mistari kumtafuta.

Dereva wa kituo alituendesha sote wawili hadi kiwanda cha sabuni, na hapo tukakwama. Lori lilikuwa limeziba njia likishusha mapipa, na wapakuaji hawakuwa na haraka. Tukashuka. Mimi nina magoti mabaya, lakini siku hiyo sikuyasikia. Tukapita kisima, tukashika njia ya pili. Njia yenyewe ilikuwa na milango miwili ya kijani, inatazamana. Wa kwanza tuliugonga hadi jirani akatuambia humo hakai mtu tangu mvua zilizopita. Wa pili ulifunguliwa na mwanamke mwenye povu hadi viwikoni. Ndiyo, ni kwa mshona viatu, lakini ametoka, amepeleka viatu vya wanafunzi kwenye geti la shule. Simu? Simu ameiacha, imekufa chaji, mtaa mzima hauna umeme. Shule ipi? Ile ya juu, kule.

Tulipanda kule. Saa yangu ilisema saa tano kasoro dakika ishirini na mbili. Bi Mistari hakunilaumu hata kwa pumzi, na hilo liliniumiza zaidi. Laiti angenitukana ningepata pa kushika.

Tulimkuta amechuchumaa getini, jozi za viatu zimepangwa mbele yake. Bi Mistari alimweleza kwa maneno machache: mzazi, damu, saa tano. Mtu yule aliinuka kabla hajamaliza, akamwomba mlinzi wa shule amtunzie viatu. Tukiteremka, akihema, alisema jambo ambalo hakujua linamchoma nani.

"Nilikuwa nangoja mniite. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nikasema basi damu yangu imeonekana ina kasoro, na wenyewe mnaona haya kuniambia."

"Haikuwa na kasoro," Bi Mistari alimjibu. "Kasoro ilikuwa kwetu."

Dereva alikuwa amekwisha kuligeuza gari. Tukafika saa tano na dakika tatu. Muuguzi alikuwa amesimama kando ya kiti, mpira wa kufungia mkono tayari vidoleni. Saa saba kasoro dakika nane chupa ikatoka maabara, ikabebwa hospitali kwa miguu, mbio, na seremala akaifuata. Tulibaki ukumbini. Hakuna aliyekula. Mpiga simu alikaa karibu na simu yake bila kuipiga, na mimi nilipiga dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga.

Saa tisa kasorobo simu ikalia. Damu imekoma, mgonjwa ameamka, ameomba maji na ameuliza kama mtoto ananyonya.

Mkuu alitukusanya mbele ya kaunta. Alikuwa na fomu mkononi, imesainiwa, wino bado unang'aa. Alisifu kila mtu, hata dereva, kisha akauliza kwa sauti ya chini ilikuwaje kwani. Nilishika ukingo wa kaunta. Bi Mistari hakunitazama.

"Mistari ilivunjika kwenye faili langu," alisema. "Kwa saini hiyo haitavunjika tena."

Faili langu, alisema. Mkuu akaitikia kwa kichwa, akaona jambo limekwisha, akarudi ofisini kwake. Na kweli lilikuwa limekwisha. Nilihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi ambayo mtu yeyote aliyepiga chapa siri za wakubwa anaijua.

Jioni ilipokaribia seremala alirudi. Alikuwa amenawa uso. Alikuja moja kwa moja kaunta, akanishika mikono yote miwili katika viganja vyake vigumu. Hospitali walikuwa wamemsimulia kwamba mama mtu mzima aliacha gari akapanda kilima kwa miguu kumtafuta mchangiaji. Akaniita mama. Akasema mtoto ni wa kike, na kwamba mkewe akipata nguvu watakuja wote watatu nimwone. Aliniombea Mungu anilipe, anipe umri, na midomo yangu ilikuwa tayari inafunguka kusema amina.

"Usinishukuru, baba," nikasema. "Mtu yule alijiandikisha hapa mbele yangu wiki mbili zilizopita, na mimi ndiye niliyempoteza. Niliambiwa mara mbili jinsi ya kumwandika, nikakataa kwa kiburi. Mkeo alifika ukingoni mwa kifo kwa sababu yangu."

Kwa muda aliendelea kunishika, nadhani alisahau kwamba mikono ile ilikuwa yangu. Kisha akaniachia, mmoja kwanza, halafu wa pili, akafuta viganja vyake kwenye suruali.

"Aliyempata yuko mlango gani?" aliuliza.

Nikamwonyesha chumba cha mwisho. Alikwenda bila kugeuka, akabisha hodi, na kabla mlango haujafungwa nilisikia sauti yake ikikatika katikati ya neno asante.